Amplifaya za Mnada wa Mtoni

Mama aliyekuwa akiniuzia dagaa alichukuliwa na maji mchana kweupe, jua likiwaka, na mimi nikiwa nimesimama ukingoni namwita.

Asiyeujua mto wetu atauliza ilikuwaje. Mto unaopita kando ya mnada, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ni mpana, mweupe, na ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa. Siku ya mnada ng'ombe walinyweshwa humo, kina mama walichota maji humo, na wachuuzi walitandaza bidhaa zao humo humo, kwa sababu mtoza ushuru hakupenda kuingiza viatu vyake mchangani. Sisi huku tunaweza kukaa siku nyingi bila tone la mvua. Lakini ikinyesha mbali mashariki, kwenye vilima vya kuelekea mbugani, maji hujikusanya huko na kushuka kwa mkupuo mmoja. Yakifika kwetu yanakuja kama ukuta, rangi ya udongo, yamebeba magogo na povu, na juu yake mbingu haina hata wingu.

Siku ile niliuona ukuta huo kabla yake. Yeye alikuwa ameinama anafunga gunia lake la dagaa wa Lamadi. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Lakini ilikuwa miaka ile soko huria lilipofunguliwa: kila muuza mitumba na kila muuza kanda alikuwa na spika yake, wapiga mnada wakishindana, ng'ombe wakilia. Aliinua uso, akaniona, akatabasamu, akanipungia mkono. Alidhani namsalimia.

Tulimpata baadaye, mbali sana kule chini.

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha duka karibu na stendi. Nilisomea ufundi wa umeme na redio Dar es Salaam, nikaajiriwa serikalini, kisha yakaja mageuzi na wengi wetu tukapunguzwa kazi. Nikarudi nyumbani na koleo zangu na tesa yangu ya sindano ya kupimia umeme, nikawa natengeneza redio za watu. Mume wangu yeye alikuwa mtu wa muziki. Alikodisha vyombo kwenye harusi na sherehe, na ndani ya duka letu alikuwa na amplifaya moja kubwa aliyoinunua Mwanza, nyeusi, yenye taa za rangi zilizopanda na kushuka kwa kufuata mdundo. Aliipenda amplifaya ile. Aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mwenyekiti wa mnada alikuja dukani baada ya msiba. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee mrefu mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mwili wake.

"Mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "tunataka sauti. Sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Kule juu kuna wakala wa kununua pamba, ana simu ya upepo. Amekubali kutuambia kila maji yatakapopita kwake. Kwa hiyo habari tutaipata. Shida yetu ni kuwaambia watu. Wewe ni fundi. Tuchagulie mashine."

Nilikubali kabla sijafikiri. Alipoondoka ndipo hofu ikanishika. Redio ya mtu ikinishinda, mwenyewe atakosa taarifa ya habari jioni hiyo, basi. Hii ikinishinda, kuna mtu atanipungia mkono tena.

Mume wangu alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya pazia. Akatoka akicheka.

"Mashine mnayoitafuta si hii hapa? Wati zote hizi! Nikiifungulia kwenye harusi, hata Ngulyati wanasikia."

"Ni nzuri kwa harusi," nilimjibu. "Lakini pale mnadani hakuna umeme."

"Nina jenereta."

"Na jenereta ikigoma?"

Akaacha kucheka. "Mama watoto, usinidharau mbele ya mzee yule. Ameniona nina mashine kubwa, halafu mke wangu aende Mwanza kutafuta nyingine?"

Sikutaka ugomvi, na kwa kweli sikuwa na uhakika. Nilichokijua nilikijua kwa vitabu na kwa kazi ndogo ndogo. Mto mzima sikuwahi kuufanyia kazi. Nikamwomba tuijaribu. Siku ambayo si ya mnada tukapakia vyombo kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda mtoni pamoja na mwenyekiti. Tukavuta waya mrefu kutoka kwenye jenereta hadi upande wa pili, tukaweka spika mbili kubwa kule. Nikamwambia mume wangu avuke, asimame mbali kule mchangani, na mimi nitasema maneno kwenye maikrofoni. Asinitazame midomo, ageuke, kisha anieleze alichosikia.

Nilisema taratibu: "Maji yanakuja, tokeni mtoni, pandeni juu." Nikarudia. Taa za rangi zilipanda na kushuka.

Alirudi akitembea polepole, mchanga umejaa kwenye viatu. Alikuwa mtu mkweli, hilo silisemi kwa sababu ni mume wangu.

"Nimesikia dundo," alisema. "Dundo, halafu 'ma', halafu dundo. Kama ngoma inayopigwa ndani ya nyumba ya jirani."

"Waya mrefu unameza nguvu," nilimwambia. "Na spika za muziki zinasambaza sauti ovyo. Upepo unaichukua."

Aliifunika amplifaya yake kwa shuka, akaifunga kamba mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Hatukuzungumza mpaka tulipofika nyumbani, na kwa siku kadhaa baadaye maneno yetu yalikuwa ya chumvi na maji ya kuoga tu. Kilichoniumiza ni kwamba nilikuwa nimemwonyesha kisichofaa, na kinachofaa bado sikuwa nacho.

Nilikwenda Mwanza na mwenyekiti. Miaka michache nyuma ungeingia duka la vifaa vya umeme ukakuta rafu zina vumbi na betri za tochi. Sasa maduka yalifurika. Amplifaya zilipangwa mpaka darini, kila moja imeandikwa wati kubwa kuliko ya jirani yake. Nilijua ninachotaka kwa aina: ile inayopandisha umeme wa sauti ili usafiri mbali kwenye waya mwembamba, na kila spika ya tarumbeta mwishoni mwa waya inaushusha kwa transfoma yake ndogo. Nilijua pia lazima iendeshwe kwa betri za lori. Lakini hata za aina hiyo zilikuwepo nyingi, na maandishi ya usoni hayakunisaidia kitu.

Basi nikawa nazinyanyua. Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayemtazama mnunuzi wa mbuzi.

"Unapima nini, mayu?"

"Transfoma iliyo ndani ni chuma na shaba. Ikiandikwa wati nyingi halafu iwe nyepesi hivi, nguvu hiyo inatoka wapi?"

"Kumbe kama ng'ombe," alisema. "Mrefu lakini hana nyama."

Zilibaki aina mbili. Mwenye duka, kijana mchangamfu, alitupeleka uani nyuma, akatuletea betri na tarumbeta. Nikaiwasha ya kwanza, nikasema mfululizo bila kupumzika, habari za mvua, habari za pamba, chochote kilichonijia kinywani, mpaka majirani wakachungulia. Kwa muda ilikuwa na sauti safi kuliko zote. Kisha nikanusa harufu ya vanishi ya transfoma inayoungua. Nikaizima haraka. Ya pili ilikuwa na sauti ya puani, isiyopendeza, lakini nilisema mpaka nikachoka mimi, na kifuniko chake kilikuwa vuguvugu tu.

"Hiyo," nilisema. "Tuchukue mbili."

Mwenyekiti akageuka. "Mbili? Si moja kubwa?"

"Moja iendeshe tarumbeta za upande wetu, nyingine iendeshe za ng'ambo. Na kila moja iwe na nguvu mara mbili ya mzigo wake."

"Mayu, watu wamechanga kwa shida. Wa Zagayu wamechanga, mpaka wafugaji wa Mwandoya wanaoshuka huku kuuza wamechanga. Nitawaambiaje kuwa tumenunua nguvu ya kukaa bure?"

"Wewe ukifunga ng'ombe wawili jembe, unawalimisha mpaka waanguke?"

"Hapana. Lakini mmoja akilala, jembe halilimi."

"Ndiyo maana kila mmoja nampa jembe lake. Na ndiyo maana nataka kila mmoja aweze kuvuta yote mawili."

Alisimama akikuna kidevu. Neno la mwisho lilikuwa lake. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini ujue ni wewe uliyechagua." Hakusema kwa ubaya. Aliliweka tu jukumu mahali pake.

Tulifunga tarumbeta juu ya nguzo za miti, si sehemu moja bali kandokando ya mto, ili kila moja izungumze na watu walio karibu nayo isilazimike kuwapigia kelele wa mbali. Waya wa ng'ambo tuliupitisha juu kwenye nguzo ndefu za pande zote mbili. Amplifaya na simu ya upepo vilikaa kwenye kibanda cha mnada, mahali pa juu. Hapo nikagundua jambo lingine. Tarumbeta nyingi zikisema pamoja, mtu aliye katikati anasikia neno lilelile mara mbili tatu likikanyagana. "Tokeni mtoni pandeni juu" iligeuka kuwa uji. Kadiri sentensi ilivyokuwa ndefu ndivyo ilivyopotea.

Mume wangu ndiye aliyelitatua. Alikuja bila kuitwa, akasimama mchangani, akasikiliza, akaja kibandani akaninyang'anya maikrofoni kwa upole.

"Kwenye harusi ukitaka watu waje kula huhutubii," alisema. Kisha akasema kwa Kisukuma, neno moja, akiacha nafasi kila baada ya neno: "Minzi!" Akanyamaza. "Minzi!"

Maji. Kila mtu wa huku amelijua neno hilo kabla hajajua jina lake. Lilitoka kwenye tarumbeta zile za sauti ya puani, likaenda mpaka ng'ambo, likarudi zima. Mwanamke aliyekuwa akichota kule mbali aliinuka, akatazama upande wa juu wa mto, akabeba ndoo yake akaondoka. Tangu hapo mume wangu akawa ndiye sauti ya mnada, na nyumbani tukaanza tena kuzungumza mambo mengine zaidi ya chumvi.

Msimu wa mvua uliofuata, siku ya mnada, jua lilikuwa kali sana. Mchanga ulijaa watu na mifugo pande zote. Nilikuwa kibandani napima betri. Simu ya upepo ikakoroma, na sauti ya wakala wa pamba ikaja ikikatikakatika: maji yamepita kwake, ni mengi kuliko yale yaliyomchukua mama wa dagaa, yamebeba mti mzima.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshawasha amplifaya zote mbili.

"Minzi!" alisema. "Minzi!"

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha spika za wauza kanda zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine, kama tulivyokuwa tumekubaliana nao, na kelele ya mnada ikashuka. Watu wakaanza kukimbia. Walikimbia na vikapu, na watoto, na marobota ya mitumba. Mwenyekiti alikuwa ameingia mchangani na fimbo yake, anawaswaga watu kama anavyoswaga ng'ombe.

Ndipo nikasikia mlio mdogo nyuma yangu, kama kijiti kinachovunjika, na harufu. Amplifaya ya ng'ambo ilikuwa imezima.

"Endelea!" nilimwambia mume wangu. Upande wetu bado ulikuwa unasikika. Lakini ng'ambo, walipokuwa wameanza kukimbia, nikaona baadhi wanasimama, wanageuka kuangalia. Sauti imekatika, labda wamedhani hatari imekwisha. Mwanamke mmoja alianza kurudi kwenye ndoo zake.

Nilikuwa na jambo moja la kufanya: kuhamisha waya wa ng'ambo niufunge kwenye amplifaya iliyo hai. Lakini kama kilichoiua ile ya kwanza kilikuwa kwenye waya, kama ng'ombe wameuvuta ukagusana, basi ningeiua na ya pili, na pande zote mbili zingebaki bubu. Nilichukua tesa. Ncha za waya zilikuwa zikiniponyoka. Mume wangu, bila kuacha kusema, alinyoosha mkono wa kushoto akaushika waya, akautuliza. Nikagusa. Sindano ikapanda, ikakaa palepale ilipokaa kila nilipoupima waya ule.

Waya ni mzima. Ugonjwa uko ndani ya mashine.

Nikaufunga kwenye ile iliyo hai, waya juu ya waya, kwa vidole. Neno "Minzi" likatoka pande zote mbili. Niliweka kiganja juu ya kifuniko nikaona kinapanda joto, kinapanda, na mimi naomba kimoyomoyo. Kikafika pale ambapo mkono unataka kuondoka, kikasimama hapo. Yule mwanamke aliziacha ndoo zake akakimbia.

Kisha tukausikia mto wenyewe. Si mlio wa maji. Ni mlio wa magogo yanayogongana.

Mchanga ulikuwa umebaki mtupu, isipokuwa pahali pamoja. Mtu mmoja, mswagaji aliyezoea kushusha ng'ombe wa watu kutoka Mwandoya, alikuwa ameshafika ukingoni ng'ambo salama. Niliona kwa macho yangu. Lakini fahali wawili walibaki katikati, wamefungwa pamoja kwenye mti uliozama mchangani. Akasimama. Mume wangu akamwona pia, akaacha kusema "Minzi", akasema, "Wewe! Toka! Waache!" Yule mtu akageuza kichwa kutazama nguzo yenye tarumbeta. Aliitazama vizuri. Kisha akashuka, akakimbilia fahali akiwa ameshika kisu cha kukatia kamba.

Aliikata kamba. Fahali mmoja alitoka.

Jioni ile watu walitushika mikono, wengine wakilia, wakisema mnada mzima umeokoka. Mwenyekiti alikaa kwenye kizingiti cha kibanda, suruali imelowa mpaka kiunoni, akawa anaitazama amplifaya iliyofanya kazi. Kesho yake niliifungua ile iliyokufa. Ndani nilikuta mjusi amekauka, amelala kati ya nyaya mbili. Alikuwa ameingia kwenye tundu la kupitishia hewa. Nikaitengeneza, nikaziba matundu ya zote mbili kwa wavu wa chandarua, kisha nikaja kubadilisha kwa wavu wa chuma.

Baada ya matanga, mama yake yule mswagaji alikuja dukani kwetu. Alikuwa ametembea kutoka mbali, miguu ina vumbi mpaka magotini, kitambaa cheusi kichwani. Tukaamkiana. Nikampa kiti, nikampa maji, akayashika bila kunywa. Mume wangu alisimama nyuma yangu.

"Wanasema wewe ndiye uliyechagua zile mashine," alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Nina neno moja tu la kuuliza. Wengine wananiambia mashine moja ilizima. Mwanangu alikuwa upande huo."

"Ilizima, mayu. Kisha ikasema tena."

"Basi nieleze. Alisikia?"

Nilifikiria haraka ni jibu gani litakalompunguzia. Nikimwambia hakusikia, ataona mwanawe amekufa kwa sababu ya mashine. Nikimwambia alisikia, ataona amekufa kwa sababu ya fahali wa watu. Nilimtazama mume wangu, lakini yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alisikia, mayu," nilisema. "Alifika ukingoni salama. Akaitwa yeye mwenyewe, akageuka akatazama. Kisha akarudi kuwakatia kamba."

Nje magari ya stendi yalikuwa yanapiga honi.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema mwishowe. "Tangu mdogo, mnyama akifungwa, yeye hali chakula." Akanywa maji yote, akanirudishia kikombe. "Nilikuwa naogopa labda hakuambiwa."

Alisimama, akafunga kitambaa chake upya. Mume wangu akachukua mzigo wake mdogo, akamsindikiza mpaka njia panda, na mimi nikabaki na kikombe mkononi, mteja amesimama mlangoni ananiuliza kama redio yake imeshapona.